Mwenyeji wa Mabanga

Katika hadithi walizoandika Wazungu juu ya nchi zetu yumo mtu mmoja ambaye twampita upesi, naye ni mwenyeji. Hufungua mlango, huwasha taa, huandaa kitanda. Kisha twafunua ukurasa, na habari zake zimekwisha.

Tutoe mfano. Mwaka 1959 Mwingereza Graham Greene alipokewa na Mapadre na daktari Mbelgiji, Michel Lechat, katika kijiji cha wagonjwa wa ukoma cha Yonda, karibu na mji uitwao leo Mbandaka. Kitabu alichoandika baadaye, A Burnt-Out Case, alimtolea daktari huyo. Lakini Mkongo tumwonaye karibu zaidi ndani yake ni Deo Gratias, aliyepoteza vidole kwa ukoma. Nchi ni yake, walakini kitabuni yeye ni mtumishi wa mgeni, si mwenyeji.

Basi twende Mabanga, mjini Goma. Kwa Kilingala mabanga ni mawe, na mawe hayakosekani huko: ardhi ni mwamba mweusi uliotoka katika mlima Nyiragongo. Nyumba nyingi ni za mbao na mabati. Maji huletwa kwa mabidoni, mara nyingi juu ya chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili. Kwa hiyo kila kikombe kimehesabiwa. Hata hivyo mgeni hupewa kwanza maji ya kunawa, kisha ugali na sambaza za ziwa Kivu, nao watoto husogea walale chini.

Watu hawa waujua ugeni. Mwezi Julai 1994 Goma ilipokea umati wa wakimbizi kutoka Rwanda. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima ulishuka hadi mjini, na wengi wakakimbilia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa kumi ihamwe, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini ikiwamo. Wengi walifika Sake, wakalala makanisani, shuleni na katika nyumba za watu wasiowajua.

Kumbe mwenyeji si mtu wa pembeni. Jana alikuwa mgeni, na kesho huenda akawa mgeni tena. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mara nyingi mwenyeji wa Mabanga hupunguza chakula cha wanawe ili mgeni ashibe.

Ninyi wanafunzi, mwandikapo insha ya safari, litajeni jina la aliyewapokea kabla ya jina la mlima. Tena ulizeni yeye mwenyewe alikula nini usiku ule.