"Moreover" Tatu Katika Aya Moja



Hapa Nyamirambo, ukipita mitaani baada ya Isha, ni nadra kukosa nyumba yenye kijana aliyeinamia karatasi za mtihani wa Kiingereza. Anayetaka kusoma Uingereza au Malaysia huulizwa alama za IELTS. Anayeielekea Marekani mara nyingi huulizwa SAT. Kwetu wapo wawili: binti yetu, na mtoto wa dada aliyekuja kutoka Bujumbura kuishi nasi. Tunaandika haya kwa ajili ya wazazi wenzetu, kwa kuwa suala lililotuchukua miezi mitatu ya jioni zetu ni dogo kwa sura, nalo limewakwamisha vijana wengi tunaowafahamu.

Binti yetu alikuwa amekwisha kupata nafasi ya kusomea famasia, kwa sharti kwamba afikishe 6.5 katika kila sehemu ya IELTS. Matokeo yake ya kwanza yalikuwa hivi: kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuzungumza 7, kuandika 6. Nusu alama ndiyo iliyozuia safari. Kurudia mtihani ni kulipa ada nzima upye, na sisi tunaishi kwa duka la vitambaa. Chuo nacho kilikuwa kimeweka tarehe ya mwisho ya kupokea alama.

Tukamwomba atuletee insha zake za mazoezi. Mmoja wetu alisoma Kigoma kwa Kiswahili, mwingine alisoma hapa hapa Kigali kwa Kifaransa, kabla serikali haijaamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Hatujidai kuwa walimu wa lugha hiyo. Lakini hata sisi tuliona jambo: katika aya moja ya mistari minane kulikuwa na "moreover" tatu, "furthermore" mbili, na "in conclusion" iliyokuja kabla ya mwisho.

Chanzo kilikuwa karatasi aliyopewa kwenye kituo kimoja cha maandalizi, ambacho jina lake tunaliacha. Ilikuwa orodha ya maneno ya kuunganishia, imepangwa kwa safu: ya kuongeza, ya kupinga, ya kuonyesha matokeo, ya kuhitimisha. Juu yake yaliandikwa maelekezo kwamba kila sentensi ianze na neno mojawapo ili mtahini afurahi. Vijana wameikariri orodha ile kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha.

Sasa tuangalie mtihani wenyewe unataka nini. Sehemu ya kuandika ina kazi mbili kwa saa moja, na ya pili isipungue maneno 250. Insha hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, na kimoja kati ya hivyo ni jinsi mawazo yanavyofuatana na kushikana. Kwa hiyo robo nzima ya alama iko hapo. Waendeshaji wa IELTS wametangaza hadharani maelezo ya kila ngazi, yeyote anaweza kuyasoma. Katika ngazi ya juu kabisa, viunganishi ni vile ambavyo kwa kawaida msomaji havioni kabisa. Katika ngazi ya 6, ndipo linapotajwa kosa la kuviweka kama mashine. Tuliposoma hayo tulitazamana. Orodha ile ilikuwa inamshikilia pale pale.

Tukachukua sentensi zake mbili: "Many young people leave the village. Moreover, there is no work there." Tukamwambia azitafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno. Akaanza: "Vijana wengi wanaondoka kijijini. Isitoshe, huko hakuna..." Akanyamaza, kisha akacheka.

"Mama, si 'isitoshe.' Ni 'kwa sababu'!"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kiunganishi si pambo la kuitia insha rangi. Ni dai. Ukisema "therefore" umedai kwamba jambo la pili limezaliwa na la kwanza, na msomaji ana haki ya kukuuliza limezaliwaje. Kwa Kiswahili mtoto hawezi kukosea, maana sikio lake litakataa. Hatasema "Nina njaa, hata hivyo nipe chakula." Kwa Kiingereza sikio bado halijakomaa, kwa hiyo macho yanachagua neno lililo refu zaidi.

Tukaanzisha utaratibu wa jioni. Tunafuta viunganishi vyote katika insha kwa kalamu nyekundu. Anasoma sentensi mbili mbili kwa sauti, halafu anasema kwa Kiswahili ni neno gani linaingia katikati: kwa hiyo, ilhali, licha ya hayo, kwani, yaani, bali. Kama hakuna neno linalokuja lenyewe, basi hakuna kinachohitajika na sentensi zinabaki zilivyo. Kama linakuja, ndipo tunatafuta la Kiingereza. Mara nyingi lilikuwa neno fupi tu: "but", "so", "still". Kwa kweli aliona aibu kuandika "so" kwenye mtihani wa kimataifa, mpaka alipoyaona maneno hayo hayo katika insha za mfano zilizopewa alama nzuri.

Watoto wetu wana akiba hii tayari kuliko wanavyojua. Madrasa walifundishwa tofauti ya "wa", "fa" na "thumma": la kwanza linaunganisha bila kusema kipi kilitangulia, la pili linaleta jambo linalofuata papo hapo, la tatu linaleta jambo baada ya muda kupita. Huo ndio mzani wenyewe wa viunganishi. Tena maneno yetu mengi ya kazi hii yana asili ya Kiarabu: lakini, bali, hata, yaani, kadhalika, aidha. (Hili la mwisho, jamani, maana yake ni "vilevile". Siku hizi tunawasikia watu wakisema "aidha uje au nije", kisa linafanana kwa sauti na "either" ya Kiingereza.)

Palikuwa na sehemu ambazo Kiswahili chenyewe kilitutega. Sisi husema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali "although" na "but" katika sentensi moja namna hiyo, ni lazima uchague moja. Vilevile "mwishowe" yetu inabeba mizigo miwili. "Lastly" ni hoja ya mwisho katika orodha, bali "at last" ina pumzi ya mtu aliyesubiri sana. Binti aliwahi kuandika "At last, pollution causes disease", kana kwamba tulikuwa tunayangojea maradhi kwa hamu.

Lililotusumbua kuliko yote ni "on the contrary". Wengi hulitumia popote penye tofauti: Kigali kuna baridi, on the contrary Bujumbura kuna joto. Sivyo. Hapo panatakiwa "by contrast", yaani ilhali. "On the contrary" hukanusha kile kilichotangulia, kama mtu anayesema "la, sivyo hata kidogo". Mtu akidai Kiswahili hakina hadhi Rwanda, hapo unaweza kumjibu: on the contrary, ni lugha rasmi tangu 2017.

Kijana wetu wa Bujumbura ana mtego wake mwingine, Kifaransa. Kwake "actually" ilikuwa "siku hizi", kwa sababu ya "actuellement", kumbe kwa Kiingereza ni "kwa hakika". Na "eventually" aliiona ni "labda, ikitokea", kama "éventuellement", kumbe maana yake ni "hatimaye". Hebu fikirini kijana anayekiandikia chuo "I will eventually pay the fees". Yeye amesema huenda akalipa. Wao wamesoma kwamba atalipa, ila baada ya muda.

Yeye anajiandaa na SAT, ambayo nje ya Marekani hufanywa kwenye kompyuta tangu 2023. Humo yamo maswali ya aina hii waziwazi: unapewa kifungu kifupi chenye nafasi tupu, na viunganishi vinne vya kuchagua. Tumemzoesha kuyafunika majibu kwa kiganja, asome kifungu, aseme kwanza kwa Kiswahili, kisha ndiyo ayafunue. Akiona majibu mawili yana maana moja, kwa mfano "therefore" na "consequently", anajua yote mawili si sahihi, kwa kuwa jibu ni moja tu. Nukta nazo anazingatia: "however" haiwezi kushikilia sentensi mbili kamili kwa mikato peke yake, inahitaji nukta au nuktamkato kabla yake.

Ada ya mtihani wa pili tuliilipa kwa fedha iliyokuwa ya mzigo wa vitambaa vya Idi, na duka likaonekana tupu mwezi ule. Jioni ya mwisho kabla ya mtihani tulihesabu viunganishi katika insha yake ya mazoezi: sita, ndani ya maneno kama 280. "Moreover" ilikuwa moja, na mahali pake palistahili.

Matokeo yalipotoka, kuandika kulikuwa 7. Alhamdulillah, alama zilifika chuoni siku nne kabla ya tarehe ya mwisho.

Kijana bado. Mtihani wake ni mwezi wa nane, inshaAllah, na usiku huu wakati tunaandika yuko sebuleni amefunika majibu kwa kiganja, anamwuliza dada yake:

"Da' mkubwa, 'nonetheless' na 'nevertheless' zikija pamoja, nichague ipi?"

"Usichague hata moja," anajibiwa kutoka jikoni.