Meza ya Chakula Haikuwamo Kwenye Tovuti

Akina mama wenzangu, mwezi wa Aprili mwaka jana nilimtembelea mdogo wangu, Mama Neema, anayeishi Dallas, Marekani. Nilimkuta yeye na mumewe wakihangaika: wampeleke Neema, mwenye miaka 11, katika shule binafsi ya Kikristo inayofundisha kwa mtindo wa kale, au wasimpeleke? Usiku tulifungua tovuti ya shule hiyo. Majengo mazuri, watoto nadhifu, wote wanacheka. Ada haikuandikwa popote. "Utadhani wanauza nyumba," alisema shemeji. Tuliomba, tukalala.

Mtindo huo una hatua tatu: mtoto mdogo hukariri, wa kati hujifunza kujenga hoja, mkubwa hujifunza kusema na kuandika kwa ufasaha. Mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers aliutetea katika hotuba yake ya mwaka 1947 kule Oxford, na mwaka 1981 shule ya Logos ilianzishwa kwa mtindo huo katika mji wa Moscow, jimbo la Idaho. Nyingine nyingi zikafuata. Mimi nilidhani Kilatini kitawachosha watoto wa darasa la tatu. Kumbe! Waliimba vitenzi huku wakipiga makofi, kama watoto wa Shule ya Jumapili.

Lakini mimi nilingojea saa ya chakula. Neema alisimama na sahani yake akitafuta pa kukaa. Wasichana wawili wakaweka mikoba yao kwenye kiti kilichokuwa wazi. Mama Neema alinishika mkono, akaubana. Ndipo msichana mmoja wa madarasa ya juu akaja, akamchukua Neema hadi meza yake. Shule imegawanywa katika makundi wanayoyaita nyumba, wakubwa kwa wadogo, na siku hiyo walikuwa wakila kwa nyumba zao. Baada ya dakika kumi Neema alikuwa akibishana nao na kucheka.

Mwalimu mkuu alituuliza tumeonaje. Mdogo wangu hakumficha. Alitaja mikoba. Kisha akasema tovuti yao haina ada, haina ile meza, na mtoto mweusi ni yule yule katika picha tatu. Mama yule aliona haya, lakini aliandika yote. Mwezi uliofuata ada iliwekwa. Picha bado zilikuwa zile zile.

Njiani Neema alikaa kimya kiti cha nyuma. Halafu akauliza, "Mama Mkubwa, yule dada bado atakuwepo Agosti?"