Chumba Natete, Mgonjwa Mulago

Barabara itokayo Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, hupita Masaka, huvuka mstari wa ikweta mahali paitwapo Kayabwe, na baada ya safari ya zaidi ya kilomita 200 huingia Kampala kwa upande wa kusini-magharibi. Miongoni mwa vitongoji vya kwanza ambavyo msafiri huviona ni Natete. Hapo kuna soko, maduka, mafundi wa kila aina, na nyumba za wageni ambazo bei yake ni ndogo kuliko ile ya mahoteli ya Nakasero na Kololo. Kwa mtu aliyechoka na safari, mwenye fedha za kuhesabu, ni rahisi kusema: "Hapa pananitosha."

Ndivyo alivyosema mama mmoja wa Bukoba, ambaye mdogo wake, aliyeolewa Uganda, alikuwa amelazwa katika Hospitali ya Mulago. Chumba alichopata kilikuwa safi, mlango ulifungika vizuri, na maji yalikuwapo. Alipanga kukaa siku kumi. Alihesabu malipo ya chumba, akaona fedha zake zingetosha na akiba ingebaki. Jambo moja tu hakulitia katika hesabu, nalo ni njia ya kutoka Natete mpaka Mulago.

MJI WA VILIMA

Kampala ni mji wa vilima. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alijenga ngome yake juu ya kimojawapo, ambacho leo huitwa Kampala ya Kale na ambacho kina msikiti mkubwa unaoonekana kutoka mbali. Mengo ni makao ya Kabaka wa Buganda. Namirembe kuna kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga kuna kanisa kuu la Wakatoliki, na Kibuli kuna msikiti wa siku nyingi. Makerere ni kilima cha chuo kikuu, ambacho kilianza kama shule ya ufundi mwaka 1922. Ng'ambo ya bonde, upande wa mashariki wa Makerere, kiko kilima cha Mulago, ambako jengo kubwa la hospitali lilifunguliwa mwaka 1962, mwaka ule ule wa uhuru wa Uganda.

Mji uliojengwa hivyo una desturi yake ya usafiri. Barabara nyingi hushuka kutoka vilimani na kukutana bondeni, katikati ya mji, ambako kuna vituo vikuu viwili vya magari ya abiria, kimoja cha zamani na kingine kipya. Kile cha zamani kilifungwa mwaka 2020, kikatengenezwa upya, na kufunguliwa tena mwaka uliofuata. Gari ambalo Dar es Salaam huitwa daladala, na Nairobi matatu, Kampala huitwa takisi. Ni gari dogo jeupe lenye mstari wa miraba ya buluu ubavuni, lililoruhusiwa kuchukua abiria 14. Mgeni akiambiwa "panda takisi" asidhani ameshauriwa kukodi gari peke yake.

Kwa kuwa takisi nyingi huanzia na kuishia katikati ya mji, mtu atokaye kitongoji kimoja kwenda kingine mara nyingi hulazimika kushuka kwanza bondeni, kutafuta gari la pili, kisha kupanda tena kilimani. Natete iko magharibi, na Mulago iko kaskazini. Kwenye ramani hazionekani kuwa mbali. Lakini yule mama alilipa nauli mbili kwenda na nauli mbili kurudi, na kati ya gari la kwanza na la pili alitembea kwa miguu katikati ya umati, kikapu cha chakula kikiwa mkononi.

NAULI NA SAA

Nauli za takisi hubadilika. Asubuhi, watu waendapo kazini, na jioni warudipo, hupanda. Mvua ikinyesha hupanda zaidi. Maji ya vilimani hukimbilia bondeni, mfereji wa Nakivubo hufurika, na magari husimama katika mistari mirefu isiyosogea. Kwa hiyo yafaa kuuliza nauli kabla ya kuketi. Maneno mawili ya Kiganda, "ssente mmeka?", yaani fedha kiasi gani, humwokolea mgeni mengi. Akitaka kushuka aseme "mu maaso awo", yaani hapo mbele, naye kondakta atamwelewa. Akiitwa "nnyabo" au "ssebo" ajue ameheshimiwa, kwani ni kama kuitwa mama au bwana.

Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, lakini katika magari na masoko ya Kampala Kiganda ndicho chenye nguvu. Yule mama alisaidiwa na Kihaya chake, kwani lugha hizo mbili ni ndugu. Aliyoyasikia nusu aliyakamilisha kwa kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Siku ya pili gari lilikwama njiani kwa muda mrefu. Alipofika wodini alikuta daktari amekwisha pita, na maswali yote aliyoyaweka moyoni usiku kucha yakabaki hayajajibiwa. Uji aliounua Natete alfajiri ulikuwa umepoa. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, ndugu wa mgonjwa ndiye mlishaji, mfuaji na mlinzi. Akichelewa yeye, mgonjwa hukaa na njaa.

Siku ya tatu alipanda bodaboda. Jina hilo lilizaliwa mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu kati ya Kenya na Uganda. Leo ni pikipiki, na Kampala zimejaa kila kona. Bodaboda haina haja ya kushuka katikati ya mji. Ilikata njia kupitia Rubaga na Nakulabye, ikazunguka chini ya kilima cha Makerere, ikatokea Wandegeya, jirani na hospitali. Alifika mapema, lakini kwa fedha nyingi kuliko takisi mbili, na kwa hofu. Kikapu kilikuwa mapajani, kofia ya kujikinga hakupewa, na magari yalipita karibu na magoti yake. Atakayelazimika kupanda bodaboda na apatane bei kabla ya kuketi, adai kofia, na amwambie dereva aende polepole. Neno lenyewe halitampa taabu, kwani Waganda husema "mpolampola".

HESABU MPYA

Jioni ya siku hiyo mama alikaa kitandani akatoa fedha zake, akazihesabu upya. Safari hii hakuandika chumba peke yake. Aliandika chumba, takisi nne kwa siku, bodaboda siku ya mvua, na chakula kilichonunuliwa kwa haraka njiani. Jumla yake ilikuwa imepita bei ya chumba alichokataliwa na moyo wake siku ya kwanza, kule Wandegeya, kwa kukiona ni ghali.

Kesho yake alihama. Chumba kipya kilikuwa kidogo, na kelele za barabarani ziliingia mpaka usiku. Lakini kutoka hapo hadi Mulago ni mwendo wa miguu, na soko la Wandegeya lina wapishi wa ndizi, ambazo mtu wa Bukoba hahitaji kufundishwa kuzila. Tangu siku hiyo alikuwapo wodini kabla daktari hajapita. Aliyauliza maswali yake, akajibiwa, na akajua ni dawa gani mdogo wake angeendelea kumeza nyumbani.

Natete haina kosa. Kwa mtu apitaye njia, au mwenye shughuli upande wa Rubaga na Mengo, ni mahali pazuri pa kulala. Anayekwenda Kampala kwa siku nyingi na aulize kwanza shughuli yake iko kilima gani, ndipo atafute kitanda upande huo. Bei ya chumba isomwe pamoja na nauli na saa zitakazopotea njiani.

Usiku wa mwisho, mdogo wake akiwa ameruhusiwa kutoka na kurudi kwa mumewe, mama alirudi kulala Natete. Basi la Mutukula lingepita upande huo huo alfajiri.