Njiani Ntoto: Tukitengeneza Barabara, Tupime na Mwendo



Mwezi uliopita kazi ya shule ilinipeleka Ntoto, nikakaa huko siku nne. Wengi wetu tunaijua Ntoto kwa jina tu. Iko Walikale, karibu na mpaka wa Masisi, upande ule ambao pori linaanza kuwa kubwa. Wazee wanaikumbuka kwa sababu ya soko lake, maana ndipo mauaji ya 1993 yalipoanzia. Mimi leo naandika juu ya barabara yake, na juu ya hofu nyingine inayopita kila siku mbele ya mlango wa shule.

Nilikwenda kwa pikipiki. Asubuhi mawingu yalikuwa yamefunga, nikamwambia motari: "Mdogo wangu, tukimbie, mvua isitukute njiani." Lakini hakuna aliyekimbia. Matope yalifika kwenye magoti, mara tatu nikashuka na kutembea, naye akasukuma. Penye bariere alipunguza mwendo mbali, akashusha mguu, akasalimia kwa adabu, akatoa franka. Tukaendelea.

Tulipokaribia nyumba za kwanza za Ntoto, barabara ikabadilika. Watu walikuwa wamefanya salongo, wamejaza mashimo kwa mawe, wamechimba mifereji ya maji, hata udongo umekauka. Pale pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Kuku wakatawanyika. Mtoto mwenye bidon kichwani akarukia majanini. Nikapiga kelele: "Pole pole, kuna watoto!" Motari akacheka bila ubaya: "Mama mwalimu, si wewe uliyesema tukimbie?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile nikaelewa kwa nini neno lake lilinichoma.

Mwalimu mwenzangu aliyenipokea alinionyesha mtoto wa darasa la pili ambaye anakuja shuleni kwa fimbo. Majuma machache baada ya salongo, pikipiki ilimgonga akitoka kuchota maji, ikamvunja mguu. Alibebwa kwa tipoyi mpaka kituo cha afya. Motari hakukimbia. Ni kijana wa hapo hapo, alisoma katika shule ile ile. Familia mbili zilikaa, mbuzi akatolewa, maneno yakaisha. Ila mtu mmoja hakutajwa katika kikao kile. Nyuma ya motari alikuwa amekaa mama mmoja mwenye gunia la unga, anayetaka kufika sokoni mbele ya wengine. Yeye ndiye aliyesema "piga mbio".

Wamama, sisi ndio tunaolipa mwendo ule. Motari ana deni la mwenye pikipiki kila jioni, na mteja anayemhimiza anampa sababu ya pili ya kukimbia. Tukimlaumu yeye peke yake tunasema nusu ya ukweli.

Kesho yake tulifanya somo la hesabu nje, na watoto wa darasa la sita. Tulipima kamba ya metre 10, tukaivuta mara tano kando ya barabara, tukaweka jiwe jeupe mwanzo na jingine mwisho, metre 50. Watoto wakakaa juu ya kilima kidogo, mbali na njia, mmoja ameshika simu yenye saa. Hesabu ni rahisi. Pikipiki ikipita kati ya mawe kwa sekunde 6, inakwenda kilometre 30 kwa saa. Ikipita kwa sekunde 3, ni 60. Mbele ya shule, pale palipotengenezwa, nyingi zilipita kwa sekunde 3 au 4. Kisha tukahamia penye mashimo, nje ya kijiji, ambapo hakuna nyumba. Huko zilipita kwa sekunde 10 na zaidi. Mtoto mmoja akasema: "Kumbe matope ndiyo polisi."

Alisema kweli. Miaka yote hii hatukuwa na sheria ya mwendo vijijini, tulikuwa na mashimo. Tunapoyafuta kwa mikono yetu, tunamfukuza polisi huyo pia, na hatuweki mwingine mahali pake.

Kwa nini 30? Tulipiga hesabu hiyo pia. Motari akimwona mtoto, inapita kama sekunde moja kabla freni haijaanza kukamata. Akiwa kwenye 30, sekunde hiyo inakula metre 8, kisha freni inahitaji metre kama 7. Anasimama kwa metre 15. Akiwa kwenye 60, sekunde ile ile inakula metre 17, na freni inahitaji karibu 28, maana mwendo ukizidi mara mbili, njia ya kusimama kwa freni inazidi mara nne. Jumla metre 45. Hiyo ni juu ya udongo mkavu, na freni nzima. Tuliweka mtoto mmoja asimame kwenye metre 15 na mwingine kwenye 45. Wakatazamana kutoka mbali, darasa likanyamaza.

Jambo hili si la Ntoto tu. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu watu karibu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kinachowaua kuliko ajali hizo. Katika mwezi wa 2 mwaka 2020, mawaziri wa inchi nyingi walikutana Stockholm wakakubaliana kwamba mahali ambapo watu wa miguu na vyombo vinachanganyika, mwendo usipite kilometre 30. Karibu na kwetu, Dar es Salaam, shirika la Amend lilizunguka shule za msingi likiweka matuta, alama na njia za miguu ili mwendo ushuke pale watoto wanapopita. Kazi hiyo ilipata tuzo ya WRI Ross mwaka 2019. Haikuanza na mashini kubwa. Ilianza kwa kuuliza watoto wanagongwa wapi.

Sisi kwetu code ya barabara ni sheria ya tarehe 30 mwezi wa 8, 1978. Ina umri kunipita. Lakini njiani kote sikuona hata kibao kimoja cha mwendo, wala mtu wa kukisimamia. Tukingoja kibao kifike kutoka mbali, watoto wataendelea kurukia majanini.

Wamama wa Ntoto hawakungoja. Baada ya ajali walijenga tuta la udongo mbele ya shule. Mvua ikalila kwa majuma mawili. Wakazika mti katikati ya barabara. Wamotari wakakasirika, na walikuwa na haki: usiku hauonekani, na mama mwenye uchungu wa kuzaa akibebwa kwa pikipiki, mruko ule unamuumiza. Wakaketi pamoja, wamama, wamotari, walimu na mzee wa kijiji. Sasa kuna matuta mawili ya mawe na udongo ulioshindiliwa, moja kila upande wa shule. Kimo chake ni kiganja, upana wake ni kama kitanda, na kando yake kuna mawe yaliyopakwa chokaa. Pikipiki inapanda na kushuka bila kuruka, ila haiwezi kukimbia. Kila salongo, tuta linatengenezwa pamoja na mfereji.

Si kila kitu kimekwisha. Upande wa soko hakuna tuta bado, kwa sababu wenye maduka wanaogopa wateja watapita njia nyingine. Na kuna wamotari wanaozunguka tuta kwa kando, wakipita katika njia ya miguu. Wamama wanapanda miti pale sasa.

Naomba kila kikundi chetu kifanye mambo matatu kabla ya salongo ijayo. Pimeni metre 50 mbele ya shule au kisima chenu, mhesabu sekunde. Alikeni wamotari kabla ya kujenga tuta lolote, wala si baada. Na la tatu ni letu peke yetu: ukipanda pikipiki, usiseme "piga mbio". Kama una haraka, toka nyumbani mapema.

Siku ya kurudi nilipanda na motari yule yule. Mvua ilikuwa inanukia. Tulipofika penye tuta la shule aligeuza kichwa kidogo, kama anayengoja niseme neno. Nikamwambia: "Pole pole, mdogo wangu. Tukinyeshewa, tutakauka."

Mvua ilitukuta njiani, tukafika tumelowa.