Jirani Yangu na Sikukuu Zake Nane

Nilipohamia Salisbury, kusini mwa Uingereza, kwa kazi ya kutunza wazee, jirani yangu alikuwa bado akifunga mapazia kabla ya kuwasha mshumaa. Watu wa umri wake walikuwa na sababu. Mwaka 1991, katika visiwa vya Orkney, Uskoti, watoto tisa walichukuliwa asubuhi na mapema kutoka kwa wazazi wao kwa tuhuma za ibada za kishetani. Kesi ikatupwa, watoto wakarudishwa, na wala wazazi wale hawakuwa wapagani. Lakini wapagani kama yeye walitia akilini. Yeye wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vifaa vyake vya ibada vilihamia kwenye kabati la mashuka.

Siku aliponiambia kuwa yeye ni mchawi, nilisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo huku nikimalizia chai yake. Mimi ni mtu wa Makunduchi, Zanzibar. Halafu kule Bara vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni. Mtu hujitangazaje?

Kumbe uchawi wake ni dini, tena dini changa. Sheria ya uchawi ya 1735 ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gerald Gardner, afisa mstaafu wa forodha aliyefanya kazi Malaya, akatoa kitabu kilichoitoa hadharani dini hiyo, Wika. Gardner alidai ameipokea kutoka kwa warithi wa mila za kale. Mwaka 1999 mwanahistoria Ronald Hutton alionyesha kwamba ni zao la nyakati zetu, na wako waliokasirika. Jirani yangu, mzaliwa wa 1951, alicheka tu: “Basi dini yangu na mimi ni rika moja.”

Nilichokiona kwake, zaidi ya yote, kilikuwa kalenda. Sikukuu nane kwa mwaka, zikifuata jua na mashamba. Dirishani jikoni palikuwa na bakuli la chumvi, unyoya wa kunguru na picha ya marehemu mama yake. Usiku wa 31 Oktoba aliwapakulia wafu wake viazi vya kuchemsha na kipande cha pai ya matofaa, kisha asubuhi chakula kikaenda kwa ndege bustanini, maana hakupenda israfu. Nikamsimulia Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya kwetu: wanaume wanavyochapana kwa magomba, kibanda cha makuti kinavyochomwa, na jinsi wazee wetu walivyohesabu mwaka wa jua kwa miongo ya siku kumi kumi, na bado wakaenda msikitini. Magomba aliyaonea wivu waziwazi.

Mapazia yaliacha kufungwa kidogo kidogo. Stonehenge, mduara wa mawe ya kale ambao mwaka 1985 polisi waliwapiga na kuwakamata wasafiri wakiwa bado njiani kuuendea kwa tamasha la Juni, ilifunguliwa tena kwa umma mwaka 2000 kwa mapambazuko ya siku ndefu kuliko zote. Nilimsindikiza mara moja: ngoma, matope, watu wamejitanda mablanketi, na jua halikutoka mawinguni. Katika sensa ya 2021 watu wapatao 74,000 wa England na Wales walijiandika wapagani. Miaka kumi nyuma walikuwa 57,000. Yeye takwimu hazikumshughulisha. Kilichomfurahisha ni muuguzi aliyemwuliza dini, akaandika “mpagani” na kupita kwenye swali la mzio bila hata kuinua macho. Alinipigia simu kunieleza hilo kabla ya habari ya nyonga yake iliyovunjika.

Sasa analalamikia biashara. Mjini wanauza mawe ya rangi ya waridi ya kutuliza moyo, na mengi ya mawe hayo huchimbwa Madagaska, mara nyingi kwa mikono, kwa ujira mdogo. Mjukuu wake alimletea moja siku ya kuzaliwa. Analitumia kuzuia mlango wa jikoni usijifunge.