Woody Strode, Mcheza Kwao

Darasani tumefundishwa kugawa wahusika: mkuu na wasaidizi, duara na bapa. Mhusika bapa huingia, hufanya kazi yake, hutoka. Niliukubali mgawanyo huo bila maswali mpaka nilipoanza kutazama filamu za Woody Strode, Mmarekani mweusi aliyeigiza kwa zaidi ya miaka hamsini, mara nyingi katika nafasi ndogo.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, na kilichomtangaza kwanza ni michezo. Mwaka 1939 alicheza futiboli ya Kimarekani katika timu ya UCLA pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Tangu 1934 ligi ya NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Mwaka 1946 timu ya Rams ilipohamia Los Angeles na kutaka kuutumia uwanja wa umma wa Coliseum, ilishinikizwa kusajili weusi. Ikamchukua Washington, kisha Strode. Alicheza msimu mmoja tu, akaenda Kanada, ambako timu yake ya Calgary ilitwaa Kombe la Grey mwaka 1948. Alipigana mieleka pia.

Hollywood iliuona mwili huo mrefu wenye misuli, ikautumia kwa kila aina ya mgeni. Katika Sundown (1941), hadithi ya Kenya ya wakoloni, alikuwa askari. Katika The Ten Commandments (1956) alikuwa mfalme wa Ethiopia. Katika Two Rode Together (1961) alikuwa Mkomanchi, na katika 7 Women (1966) Mmongolia. Kwa watengenezaji, asiye mzungu alikuwa asiye mzungu, basi.

Lakini tazama alichofanya na nafasi hizo. Katika Spartacus (1960) yeye ni Draba, mtumwa wa Kiethiopia anayelazimishwa kupigana na Spartacus mbele ya matajiri wa Kirumi. Anashinda. Mkuki wake wa meno matatu uko shingoni mwa mwenzake, na mabwana wanangoja damu. Strode hasemi kitu. Anatazama, anafikiri, kisha anaugeuza mkuki na kuurusha kule walikokaa mabwana. Anauawa papo hapo. Dakika chache tu, lakini uasi wote wa Spartacus unaota pale. Sijui ni kwa kipimo gani mtu huyo ataitwa bapa.

The Man Who Shot Liberty Valance (1962) niliitazama na baba yangu, mpenzi wa filamu za kauboi. Strode ni Pompey, mfanyakazi wa Tom Doniphon. Wakili Stoddard anasifiwa kwa kumuua jambazi Valance, anafika hadi useneta. Baadaye tunaonyeshwa kwamba aliyeua ni Doniphon, gizani. Baba akauliza, "Na bunduki alirushiwa na nani?" Alirushiwa na Pompey. Stoddard alipata sifa, Doniphon akabaki na siri, na Pompey hakuna aliyemuuliza kitu. Mwishoni ndiye aliyeketi kando ya jeneza la Doniphon.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Strode alicheza kwao, akatunzwa kidogo. Hata Sergeant Rutledge (1960), filamu yenye jina la mhusika wake, sajini mweusi anayesingiziwa kubaka na kuua, ilitanguliza majina ya wazungu kwenye orodha ya waigizaji. Ili awe kiongozi wa filamu bila mjadala ilibidi avuke bahari. Mwaka 1968, katika filamu ya Kiitalia Seduto alla sua destra ya Valerio Zurlini, aliigiza Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, kuteswa na kuuawa. Lumumba hatajwi, lakini ni yeye.

Baba alizaliwa Lubumbashi, katika Katanga ileile alikouawa Lumumba mwaka 1961, na kwetu jina hilo haliishi bila mabishano. Alipomwona Strode alicheka: "Huyu si Lumumba. Lumumba alikuwa mwembamba, na miwani." Ni kweli. Hata hivyo hakuinuka mpaka filamu ikaisha, na usiku ule hakubishana na mtu.

Strode alifariki tarehe 31 Desemba 1994. Mwaka uliofuata ilitoka Toy Story, na kauboi wake, Woody, amepewa jina kutokana na Strode. Watoto wa dunia nzima wanalijua jina hilo, likiwa juu ya uso wa mdoli mweupe.

Naiomba kamati ya klabu ituonyeshe Spartacus muhula huu. Tukifika kwa Draba, tusizungumze. Kisha tuujadili upya ule mgawanyo wa wahusika, na walimu wetu wakiwepo.