Nzi wa Dirishani

Katika mtaa wa Isevya, mjini Tabora, alikaa mrina asali mmoja pamoja na mkewe na mtoto wao, aliyekuwa akisoma darasa la sita. Msimu wa asali ulipokwisha yule bwana alirudi kutoka pori la miombo alikokaa majuma matatu, baiskeli yake imelemewa na madebe; akaiingiza ndani, akalala. Asubuhi yake mtoto akaona nzi mmoja amekufa dirishani. Mama alikuwa na ufagio mkononi.

"Mama, tafadhali usimfagie," akasema mtoto. "Huyu si nzi wa jikoni."

Mama akacheka, maana kwake nzi ni nzi, lakini akamwacha.

Mtoto akamweka juu ya karatasi nyeupe. Kwanza akayatazama mabawa. Nzi wa nyumbani akitua huyaacha mabawa yake yameachana nyuma. Huyu alikuwa ameyalaza moja juu ya jingine, kama makali ya mkasi uliofungwa. Kichwani palitokea mrija mwembamba, umenyoka mbele kama sindano. Rangi yake kahawia, urefu wake milimita 10. Akaenda kwa mwalimu kuazima kioo cha kukuzia, naye akaona katikati ya bawa sehemu ndogo iliyozungukwa na mishipa, umbo lake kama shoka.

"Basi usitafute zaidi," akasema mwalimu. "Ukiliona shoka hilo, huyo ni ndorobo."

Ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o, ni mdudu wa porini, wala mjini si kwake. Lakini hufuata kitu kiendacho, akiwa mnyama au baiskeli, akaweza kuchukuliwa mbali. Chakula chake ni damu tu, dume na jike. Wala hatagi mayai kama nzi wengine: jike huzaa funza mmoja tu kwa wakati, naye hujifukia katika udongo penye kivuli. Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na mji huu, mwaka 1857, mizigo ya misafara ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, kwa kuwa mifugo iliyopita katika nchi ya ndorobo ilikufa kwa nagana. Mdudu asiyefikia upana wa ukucha wa kidole gumba aliwatwika watu pembe za ndovu mpaka pwani! Tena mwaka 1903, huko Uganda, daktari David Bruce alionyesha ya kuwa ndiye aletaye malale.

Mtoto aliposikia neno malale, akaukumbuka mkono wa baba yake. Chini ya kiwiko palikuwa na uvimbe mwekundu, ambao baba alisema ni mwiba.

"Nyuki wameniuma tangu ujana wangu," akasema baba, "nami niogope nzi?"

"Baba, nyuki akikuuma huacha mwiba tu. Huyu huweza kuacha vijidudu katika damu."

Baba akanyamaza. Jioni homa ikampanda, na kesho yake wakaenda hospitali, nzi akiwa ndani ya kisanduku cha kiberiti. Mganga akatwaa tone la damu, akalitazama kwa hadubini, akaviona vijidudu vya malale. Si lazima nzi yule awe ndiye aliyemwambukiza. Ndorobo wengi hawana ugonjwa, na uvimbe ule ulikuwa wa siku kadha, alioumwa angali porini. Lakini nzi ndiye aliyemfikisha pale mapema, kabla vijidudu havijaingia ubongoni. Akatibiwa, akapona.

Siku aliyorudi nyumbani alilitaka daftari la mtoto. Lilikuwa limeandikwa hivi: "Isevya, Tabora. Ndorobo mmoja, amekufa, dirisha la mashariki. Milimita 10. Yadhaniwa alikuja na baiskeli ya baba."

Baba akasoma mara mbili. Kisha akamtajia mtoto bonde ambalo ndorobo walikuwa wengi kuliko mahali pote, na mizinga yake iliyotundikwa huko, akangoja mpaka yote yameandikwa.